Ukiona Vyaelea Vimeundwa: Marcus Garvey, Meli Zake na Maneno Yake

Utangulizi

Mpenzi msomaji, aghalabu swali la fasihi humtaka mtahiniwa ajadili uongozi wa mhusika fulani. Mtahiniwa mwenye pupa huchagua upande mmoja tangu aya ya kwanza. Akimpenda mhusika, humvika sifa zote njema. Akimchukia, humtwika maovu yote. Matokeo yake ni insha yenye sauti kubwa na alama chache.

Makala haya yanakualika umtazame mtu wa historia ambaye amehukumiwa kwa pupa ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtu huyo ni Marcus Mosiah Garvey, Mjamaika aliyeongoza vuguvugu kubwa la utaifa wa watu Weusi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wako waliomwita nabii. Wako waliomwita laghai, nayo mahakama ya Marekani ikawaunga mkono. Mwalimu mwenzangu aweza kuuliza: Garvey ana nini na somo la Kiswahili? Anacho kikubwa. Maudhui ya ukombozi tunayoyachambua katika tamthilia, riwaya na ushairi wetu hayakuzuka hivi hivi. Yana asili, na sehemu ya asili hiyo ilivuka bahari. Isitoshe, maneno ya Garvey yalipofika nchini Kenya yalienea kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kuijua.

Hoja yetu ni hii. Garvey aliunda vitu viwili: meli na maneno. Meli zilizama na akiba za watu maskini, lakini maneno yakaelea hadi Afrika ambako yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kwa hiyo haitoshi kuyastaajabia maneno hayo. Ni sharti tuulize yaliundwa na nani, na gharama ikalipwa na nani.

Kuibuka kwake

Garvey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1887 katika mji mdogo wa St Ann's Bay, Jamaika, wakati kisiwa hicho kilikuwa koloni la Uingereza. Akiwa kijana mdogo alianza kujifunza kazi ya kupiga chapa. Zingatia jambo hili, msomaji. Mpiga chapa wa siku hizo alizipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, hivyo alilisoma kila neno kabla halijamfikia mnunuzi wa gazeti. Ilikuwa shule kwa mtu ambaye masomo yake ya darasani yalikuwa yamekatika mapema.

Mwaka 1908 wapiga chapa wa Kingston waligoma. Garvey alikuwa msimamizi, na angeweza kabisa kubaki upande wa mwajiri. Aliwaunga mkono wafanyakazi, mgomo ukavunjika, naye akapoteza kazi. Kuanzia mwaka 1910 alisafiri Amerika ya Kati. Huko Kosta Rika na Panama aliwaona watu wa visiwa vya Karibi wakitumikishwa kwa ujira duni katika mashamba ya ndizi na miradi mingine mikubwa. Mwaka 1912 alienda London, akafanya kazi katika jarida la Dusé Mohamed Ali, mwanahabari mwenye asili ya Misri na Sudan ambaye ofisi yake ilikuwa kituo cha Waafrika na Waasia waliopinga ukoloni. Alikisoma pia kitabu cha Booker T. Washington kuhusu safari yake kutoka utumwani, kikamwathiri sana.

Aliporudi Jamaika mwaka 1914 aliasisi chama cha kuwaunganisha na kuwaendeleza watu Weusi kote ulimwenguni, ambacho kwa kifupi kilijulikana kama UNIA. Alikianzisha pamoja na Amy Ashwood, ambaye baadaye alikuwa mke wake wa kwanza. Chama hicho hakikupata nguvu kubwa Jamaika. Mnamo Machi 1916 Garvey aliwasili New York, na ni katika mtaa wa Harlem ambapo mbegu yake ilipata udongo.

Udongo huo ulikuwa na uchungu. Maelfu ya Wamarekani Weusi walikuwa wakihama majimbo ya kusini kukimbia ubaguzi na mauaji ya makundi ya Wazungu. Askari Weusi walikuwa wamepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha wakarudi nyumbani kukuta dharau ile ile. Mwaka 1919 ghasia za kibaguzi zililipuka katika miji mingi, ikiwemo Chicago na Washington. Mtu aliyesimama jukwaani na kuwaambia watu hao kwamba rangi yao si laana, kwamba wana historia, na kwamba Afrika ni yao, alikuwa anawapa chakula waliochoka na njaa.

Gazeti lake, Negro World, lilianza mwaka 1918. Mnamo Agosti 1920 UNIA iliandaa mkutano mkuu uliodumu mwezi mzima. Umati unaokadiriwa kuwa watu 25,000 ulikusanyika katika ukumbi wa Madison Square Garden. Mkutano huo ulitoa azimio la haki za watu Weusi, ukachagua rangi nyekundu, nyeusi na kijani kuwa rangi za bendera yao, na ukamtawaza Garvey kuwa Rais wa Muda wa Afrika. Mchambuzi wa fasihi ataona hapa matumizi ya ishara: sare, gwaride, bendera, vyeo. Watu waliokuwa wakifagia sakafu za wengine siku sita za juma walivaa magwanda ya maofisa siku ya saba. Wapinzani walicheka, lakini kicheko chao hakikueleza ni kwa nini watu walizidi kujiunga.

Meli zilizozama

Mwaka 1919 Garvey alianzisha kampuni ya meli, Black Star Line, yaani Nyota Nyeusi. Hisa moja iliuzwa kwa dola 5 na ilikusudiwa watu Weusi pekee. Wapishi, madobi, makuli na vijakazi walitoa akiba zao. Walitarajia meli zitakazofanya biashara baina ya Marekani, Karibi na Afrika, na kuwabeba abiria Weusi bila kuwadhalilisha.

Meli ya kwanza, Yarmouth, ilikuwa imeundwa mwaka 1887, mwaka aliozaliwa Garvey mwenyewe. Ilikuwa kuukuu, na bei waliyotozwa haikulingana na hali yake. Hata hivyo, ilipotia nanga Kuba watu waliishangilia, kwani wengi hawakuwahi kuona meli inayomilikiwa na watu wa rangi yao. Hapa ndipo penye kinaya. Hugh Mulzac, aliyekuwa ofisa katika meli hiyo, alisimulia baadaye jinsi shehena ya nazi ilivyoozea melini kwa sababu meli iliamriwa kupitia miji mingine ili ionekane na wanachama. Meli iligeuzwa kuwa hotuba. Ilipotakiwa kuingiza faida ilitumwa kutafuta makofi.

Nyingine mbili hazikuwa na heri. Shadyside, iliyokuwa ya matembezi ya mtoni, ilizama. Kanawha iliharibika mara kwa mara hadi ikatelekezwa Kuba. Mwaka 1922 kampuni ilisimamisha shughuli zake. Wenye hisa hawakurudishiwa fedha zao.

Je, Garvey alikuwa mwizi? Ushahidi hauonyeshi mtu aliyejitajirisha. Alikufa bila mali. Unaonyesha kiongozi aliyeamini kwamba ufasaha unaweza kufanya kazi ya hesabu, ambaye hakupenda kukosolewa, na ambaye alizungukwa na baadhi ya watu waliomdanganya. Serikali ya Marekani nayo haikuketi tu. Tangu mwaka 1919 J. Edgar Hoover, wakati huo ofisa kijana katika Wizara ya Sheria, alikuwa akitafuta sababu ya kumfukuza nchini, na majasusi walipenyezwa chamani.

Sababu ilipatikana katika picha. Kampuni ilikuwa imechapisha tangazo lenye picha ya meli iliyobandikwa jina la Phyllis Wheatley, mshairi wa kike Mwafrika aliyeuzwa utumwani Marekani katika karne ya kumi na nane. Kampuni haikuwa ikiimiliki meli hiyo. Garvey na wenzake watatu walishtakiwa kwa kutumia posta kuwalaghai wanunuzi wa hisa. Kesi ilisikizwa mwaka 1923. Garvey alimwachisha kazi wakili wake akajitetea mwenyewe kwa hotuba ndefu. Wenzake waliachiliwa, yeye peke yake akapatikana na hatia, kwa shtaka moja, na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5. Aliingia gerezani Atlanta mwaka 1925. Rais Coolidge alikipunguza kifungo hicho mwaka 1927, na Garvey akafukuzwa Marekani moja kwa moja. Aliendelea na siasa Jamaika, akahamia London mwaka 1935, akafia huko tarehe 10 Juni 1940.

Tusifiche doa lingine. Mnamo Juni 1922 Garvey alikutana Atlanta na kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi lililokuwa likiwatesa na kuwaua watu Weusi. Alidai kwamba afadhali mbaguzi anayejitangaza kuliko mnafiki. Weusi wengi walioishi kusini, ambako kundi hilo lilikuwa likichoma nyumba, hawakuona mantiki hiyo. W.E.B. Du Bois na A. Philip Randolph walimpinga vikali, na matusi yakarushwa pande zote mbili. Mtahiniwa anayeandika kwamba Garvey aliangushwa na Wazungu tu hajaisoma habari yote.

Maneno yaliyoelea

Sasa tuvuke bahari. Negro World lilisambazwa na mabaharia kutoka bandari moja hadi nyingine, na katika makoloni kadhaa lilipigwa marufuku. Nchini Kenya lilifika wakati mwafaka. Baada ya vita, Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, kodi ya kibanda ilipandishwa, na mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara. Mwaka huo huo Harry Thuku aliongoza chama cha East African Association jijini Nairobi. Kama Garvey, Thuku alikuwa amewahi kufanya kazi katika kiwanda cha kupigia chapa magazeti. Chama chake kilitoa karatasi ya habari kwa lugha ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo, iliyopigwa chapa kwa msaada wa Wahindi wa Nairobi. Tazama basi, mwalimu: katika harakati hizo za mapema za kisiasa zilizovuka mipaka ya kabila nchini Kenya, Kiswahili kilikuwa chombo.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha na kuwahimiza wasonge mbele. Risasi zilifyatuliwa, zaidi ya watu 20 waliuawa, naye Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Habari zilipomfikia Garvey kule New York, alimpelekea Waziri Mkuu wa Uingereza, Lloyd George, simu ya maandishi kulalamikia mauaji hayo. Simu hiyo haikumfungua Thuku, aliyepelekwa kizuizini Kismayu. Hata hivyo, mauaji yaliyotendeka Nairobi yalikuwa yamepata mlalamishi ng'ambo ya bahari.

Linalotuhusu zaidi sisi wa fasihi ni habari aliyoiandika C.L.R. James, mwandishi wa Trinidad aliyefahamiana na Jomo Kenyatta jijini London katika miaka ya 1930. James anasema Kenyatta alimweleza kwamba, mnamo mwaka 1921, wazalendo wa Kenya wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka msomaji wa gazeti la Garvey, wakasomewa makala mara mbili au tatu, kisha wakakimbia huku na huku kuyakariri yote kwa wengine waliokuwa na kiu ya kuyasikia.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa macho ya mchambuzi. Gazeti ni fasihi andishi kwa umbo lake. Lakini hapa lina msomaji anayelitamka kwa sauti, lina hadhira iliyo ana kwa ana naye, lina urudiaji wa kusaidia kumbukumbu, na lina wasimulizi wanaolipokeza kwa hadhira mpya. Yamkini kila msimulizi alilipa neno mavazi ya kwao: palipotajwa dhuluma za Marekani, msikilizaji alifikiria kipande kilichoning'inia shingoni mwake. Mipaka tunayoichora ubaoni kati ya tanzu simulizi na andishi ilivukwa na watu hao kwa miguu. Basi usimfundishe mwanafunzi kwamba fasihi simulizi ni ya zamani na andishi ni ya kisasa. Zilisaidiana kueneza ukombozi.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Kanisa la African Orthodox liliasisiwa mwaka 1921 na George Alexander McGuire, aliyekuwa kasisi mkuu wa UNIA. Kupitia Negro World habari za kanisa hilo zilimfikia Daniel William Alexander wa Afrika Kusini na Reuben Spartas wa Uganda. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Alexander alikuwa Kenya, akiwafunza na kuwatawaza makasisi wa makanisa huru ya Wakikuyu yaliyokuwa yamejitenga na wamishenari. Hivyo gazeti la Harlem lilichangia kuzaliwa kwa madhabahu za Kenya ya kati.

Nani aliyaunda?

Maneno hayajihifadhi yenyewe. Garvey alipokuwa akipambana na mahakama na gereza, mke wake wa pili, Amy Jacques Garvey, alizikusanya hotuba na maandishi yake akayachapisha katika majuzuu mawili, mwaka 1923 na 1925. Kwame Nkrumah aliandika katika tawasifu yake ya mwaka 1957 kwamba kitabu hicho kilimwathiri kuliko vingine vyote alivyovisoma Marekani. Ghana ilipopata uhuru mwaka huo, nyota nyeusi ilipepea katika bendera yake, na shirika lake la meli likapewa jina la Black Star Line. Meli za Nyota Nyeusi hatimaye zilielea, lakini kwa mtaji wa dola huru, si kwa akiba za madobi.

Mtahiniwa anayemtaja Garvey bila kumtaja Amy Jacques amemsifu nahodha akamsahau fundi. Amy Ashwood na Nyanjiru wanastahili nafasi hiyo hiyo katika insha yako kuhusu nafasi ya mwanamke katika ukombozi.

Wa kulinganisha naye

Katika fasihi yetu yuko mhusika wa kulinganishwa na Garvey: Kinjeketile, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Kinjeketile anawaunganisha watu kwa imani ya maji. Maji hayazuii risasi. Hata hivyo, mwishoni anakataa kutamka kwamba yalikuwa uongo, maana anajua kwamba adui angelitumia tamko hilo kuua hata lile lililokuwa kweli, yaani umoja na kiu ya uhuru. Wote wawili walitoa ahadi isiyotimizika, na ndani ya ahadi hiyo mlikuwa na ukweli ambao haukuwahi kusemwa kwa nguvu hiyo. Wote wawili waliona wazo likiponyoka mikononi mwao na kwenda lilikotaka.

Lakini ulinganisho usituzibe macho. Hussein hawaachi waliokufa wasahauliwe, nasi tusiwasahau walionunua hisa. Kusema kwamba urithi wa Garvey ni mkubwa si kusema kwamba deni lake limelipwa.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Kuna mambo mawili yanayorudiwa mno. La kwanza ni kwamba Garvey alitabiri kutawazwa kwa Haile Selassie. Warastafari humheshimu kama nabii, na hiyo ni imani yao. Lakini maneno ya utabiri anayosingiziwa hayapatikani katika maandishi yake yanayojulikana, na baada ya Italia kuivamia Ethiopia alimkosoa mfalme huyo waziwazi. La pili ni kwamba bendera ya Kenya ilitokana na ya UNIA kwa kuwa zote zina nyeusi, nyekundu na kijani. Kufanana pekee si ushahidi. Katika uchambuzi, dai lisilo na mfano kutoka katika matini ni porojo, hata likiwa tamu.

Hitimisho

Jamaika ilimrejesha Garvey mwaka 1964, ikamzika upya na kumtangaza shujaa wa kwanza wa taifa. Tarehe 19 Januari 2025, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, Rais Joe Biden alimpa msamaha, miaka 101 baada ya hukumu kupita na ushei. Msamaha huo unawafurahisha wanaoamini kwamba kesi ilikuwa na mkono wa siasa. Haugeuzi Yarmouth kuwa meli nzima.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukikutana na swali juu ya kiongozi, awe Garvey, Kinjeketile au mhusika wa kitabu kilichoteuliwa, mpe haki yake yote. Andika alichoahidi, alichotimiza, nani aliyemsaidia na nani aliyeumia. Kisha toa uamuzi wako bila woga, ukiwa na ushahidi mkononi.

Maswali ya mjadala darasani

1. "Meli iligeuzwa kuwa hotuba." Fafanua kinaya kilichomo katika kauli hii kwa kurejelea Black Star Line.
2. Kwa kutumia sifa nne za fasihi simulizi, eleza jinsi gazeti la Negro World lilivyoenezwa nchini Kenya.
3. Linganisha na ulinganue Garvey na Kinjeketile kama viongozi.
4. Jadili ufaafu wa methali "ukiona vyaelea vimeundwa" kwa mchango wa wanawake waliotajwa katika makala haya.